Mikanda Niliyoishonea Chini ya Velu

Yuma, papa yangu,

Sitakuandikia juu ya mashati. Nimeyapiga pasi, yako katika valizi. Wala juu ya chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala namna ya kumusalimia baba yako ukimukuta kule Salamabila na nyumba yake mupya. Umusalimie, ni baba yako, basi. Hayo mengine shangazi yako wa kule atakuambia mpaka masikio yakuume. Mimi ninataka kukuambia juu ya gari ya Patroni Salumu, hii jeep iliyolala katika parsele yetu, hapa uani, na mizigo yake juu, ambayo kesho asubuhi utaiendesha peke yako mara ya kwanza, na watu ndani, kutoka hapa Kasongo kupita Kabambare mpaka Salamabila, kule kwenye dhahabu.

Ninaandika kwa sababu juzi nilipotaka kusema kwa mudomo uliniambia, "Mama, acha." Tangu siku ile nikianza tu kusema, ninaona macho yako yanakimbilia mulangoni. Basi karatasi hii nitaiweka juu ya volani, pale mikono yako itakaposhika. Utaisoma kabla ya kuwasha. Unabeba jina la baba yangu, ndiyo maana ninakuita papa tangu ukiwa mutoto wa mugongoni, na ni vigumu kumukaripia mutu unayemuita papa. Kwa karatasi nitajaribu.

Utasema, mama anajua nini juu ya gari? Kweli, volani sijaishika hata siku moja. Shule niliiachia njiani, juu wewe ulikuwa umekwisha kuanza kunipiga mateke chini ya banki ya darasa, na hata leo watu wa soko wakituona tunatembea pamoja kuna wanaouliza kama wewe ni kaka yangu. Lakini gari ninaijua kwa upande ambao ninyi mashofere hamuuoni. Ninaijua kwa pale watu wanapokalia.

Ulikulia chini ya masini yangu ya kushona. Ulikuwa unaokota vipande vya nguo na kuvishona kwa mukono, unajitengenezea mipira, na mishono yako ilikuwa mizuri kuliko ya wasichana niliokuwa ninawafundisha. Wakati ule nilishona nguo za shule na magauni ya sikukuu. Mpaka siku shofere mumoja, Shabani, aliponiletea kiti cha jeep yake kimepasuka, sifongo inatoka nje kama matumbo ya mbuzi, akasema, "Mama Yuma, univalishie huyu mugonjwa." Nikamuvalisha. Velu ya buluu, ile nguo laini yenye manyoya mafupi, pindo nyeupe kandokando. Gari ilipopita sokoni watu walisimama. Kutoka pale kila mwenye gari alitaka usi, ndivyo wanavyoiita nguo ya kiti, na kila mumoja alitaka yake ipite ya mwenzake. Nilishona usi, nilishona vitambaa vya kufunika mbele ya volani vyenye maua na nyuzi zinazoning'inia, nilishona mapazia ya vioo. Gari zilikuwa zinaingia hapa uchi na zinatoka zimevaa kama bibi harusi. Wewe ulikula kwa usi. Ulisoma kwa usi.

Sasa usikie kazi yenyewe ilivyokuwa. Katika mwanya wa kiti kunatoka vile vyuma vidogo vyenye kidude chekundu cha kubonyeza, pale ulimi wa mukanda unapoingia na kukamatwa. Mashofere wote, tangu yule wa kwanza, waliniambia neno moja: "Hizo chuma uzizibe chini, Mama Yuma. Zinachoma wamama mapaja, zinapasua vitenge vyao." Mimi mwenyewe niliziona mbaya. Niliona zinaharibu kazi yangu. Basi nilishona nguo moja kutoka mugongo wa kiti mpaka miguuni, bila tundu, laini kama kitanda kilichotandikwa. Fundi akiacha tundu walimucheka, "Nguo ilikupunguka, eh?" Hapa kwetu tundu kwenye usi ni alama ya fundi mubaya. Na mukanda wenyewe, ule unaobaki unaning'inia kandokando ya mulango, ulikuwa wa kufungia bidoni la mawese lisianguke, na kuku.

Watu hatukuwa tunaufunga, unajua hivyo. Abiria akiuvuta tu, shofere anamutazama: "Mama, umeniona mimi sijui kazi?" Na yeye anaona haya, anauachilia. Kujifunga ni kumutukana shofere. Kukaa hivi hivi ni heshima. Papa, watu wengi wa hapa wamevunjika kwa sababu ya heshima.

Kovu la juu ya jicho lako, bibi yako analisimulia kila sikukuu kama jambo la kuchekesha, namna ulivyoamka lopitalini ukauliza kama gari nayo imepigwa sindano. Wote wanacheka, na wewe pia. Mimi ninatoka nje kutazama sufuria. Hujawahi kuniuliza sufuria gani.

Tulikuwa tunakwenda Kabambare kwenye matanga ya shangazi yangu. Shabani ndiye aliyeendesha, gari ni ile ya velu ya buluu, na kwa furaha akaniweka mbele. "Mwenye kushona akalie mushono wake," alisema. Wewe nilikupakata. Mvula ilikuwa imenyesha, udongo mwekundu umekuwa sabuni. Shabani alikuwa muimbaji, unajua, anaimba njia yote, hata mahali pabaya. Pale tulipoanza kushuka kuelekea kwenye daraja la miti, aliacha kuimba. Ni hivyo nilijua. Akasema polepole kabisa, kama mutu anayeomba chumvi, "Mama Yuma, umushike mutoto."

Gari ilianza kwenda na ubavu. Nilikushika kwa mukono wa kushoto. Kwa mukono wa kuume niliuvuta mukanda, nikaupata, nikatafuta pa kuuingiza. Vidole vyangu vilitembea kwenye velu, chini, kandokando, katika mwanya wote, havikukuta chuma. Vilikuta mushono. Niliujua ni wangu. Ni ule mushono wa kurudia mara mbili ninaoufanya ili nguo isifumuke. Nilikuwa nimeushona vizuri sana.

Tuligonga muti wa daraja. Wewe ulitoka mukononi mwangu kama samaki. Watu wanasema hakuna kitu kinachoshika kama mukono wa mama, na mimi niliamini. Ndani ya gari siyo kweli. Nilikuwa ninakushika kwa nguvu zangu zote na nguvu zangu zote hazikuwa kitu.

Munganga wa kike alipokuwa anakushona pale juu ya jicho, nilikuwa ninamulilia mugongoni: ningepata tundu, ningejifunga pamoja naye, ningejifunga pamoja naye. Hakuinua macho. Akasema, "Mama, ungejifunga pamoja naye, ungemuponda kwa kifua chako. Mutoto anakaa nyuma, na mukanda wake. Wewe na wako." Basi hata lile nililokuwa ninalitafuta lilikuwa kosa. Ndiyo maana ninakuambia leo, kuna wamama watakaotaka kupanda mbele kwako na mutoto mapajani, watasema wanamulinda. Uwakatalie. Wakikuita mutoto mubaya, ukubali jina.

Shabani alivunjika mbavu kwenye volani. Hakuendesha tena. Ni yeye huyo anauza nyanya kando ya soko na kukuita Kichwa Ngumu kila ukipita. Nilikwenda kwake kumuomba radhi. Alicheka, akajishika ubavu, akaniambia, "Usi yako haina kosa, Mama Yuma. Kiti yangu ilikufa imependeza." Kisha akanipimia nyanya, akaongeza mbili juu.

Sasa, hapa ndipo bibi yako hafiki katika hadithi yake, kwa sababu hapachekeshi. Baada ya lopitali nilianza kuacha matundu. Niliyapinda vizuri, kama tundu la kifungo. Wakarudisha. "Umeishiwa macho, Mama Yuma? Nani alikuomba madirisha?" Wengine walikwenda kwa fundi mwingine. Masini ilinyamaza, na kunyamaza kwa masini katika nyumba yenye mutoto na muzee ni kelele kubwa. Nikaanza kuziba tena. Mwanzo ni mutu mumoja, kwa kusema huyu ni mukali. Kisha mwingine. Sijitetei. Ninakuonyesha tu namna mutu anavyoweza kujua jambo kichwani na mikono yake ikaendelea kufanya lingine, siku kwa siku, mpaka mikono inakisahaulisha kichwa. Jambo hilo ulilinde kwako. Wewe sasa unajua. Ulinisikia tangu utotoni, na yule aliyekufundisha kuendesha alikuambia pia. Lakini utakaa na watu wasiofanya, na mikono inajifunza upesi kwa majirani.

Zile usi nyekundu za gari ya Patroni Salumu nilizishona mimi, Yuma. Mwaka huu huu. Nilizishona kabla sijajua kama ni wewe utakayekaa juu yake. Bila tundu hata moja. Alinisifu mbele ya watu na nilifurahi.

Ndiyo maana juzi nilimufuata kwenye gari wakati wa kupakia. Ulikuwepo, lakini ninaandika namna mimi nilivyosikia, juu wewe ulikuwa umesimama upande wao.

Nilimuambia, "Patroni, uniruhusu nifungue usi kidogo, pale penye vyuma."

"Vyuma gani?"

"Vya mukanda."

"Mama Yuma. Hii ulishona mwenyewe. Leo unataka kupasua?"

"Nitapasua na nitapinda. Haitaonekana."

Akakutazama wewe, akanitazama mimi. Hakukasirika, alikuwa anacheka kwa pua. "Sikia, mama. Hawa watu wananipa roho zao na mizigo yao. Wakimuona shofere anajifunga kamba, watasema huyu kijana anaiogopa gari. Watashuka, watapanda kwa mwingine. Shofere ni macho. Macho haifungwi."

Na yule mupakiaji mwenye kofia akasema kutoka juu ya mizigo, "Wee Mama Yuma, ukimufunga mukanda, umufunge na lange ya mutoto kabisa, asijikojolee njiani."

Wote walicheka. Na wewe ulicheka. Hiyo ya lange ilikuwa nzuri, hata mimi peke yangu ningecheka. Lakini kisha ukaja, ukanishika bega kama unamuondoa mutoto kwenye moto, ukasema, "Mama, acha. Nitaona mwenyewe."

Nilirudi nyuma ya masini nikawaza. Nilijiuliza kwa nini hunisikii, nikakumbuka kengele ya gari ile ile. Unakumbuka Patroni alipoileta, ilikuwa na kengele ya wezi, na mbuzi wa jirani akija kujikuna kwenye gurudumu, gari inalia mutaa wote. Kila siku, mbuzi na gari, gari na mbuzi. Watoto walijua kuiga ule mulio mpaka wakawa wanachezea harusi. Halafu Ijumaa ile, wanaume wakiwa musikitini, gari ikalia, ikalia, ikalia. Mimi niliisikia. Mama wa jirani aliisikia. Tuliambiana kwa ukuta, "Ni mbuzi." Wanaume wakarudi, batiri haiko. Patroni akaja kumushitaki mbuzi, na jirani akamuambia, "Patroni, mbuzi wangu hana ufunguo wa namba kumi wa kufungulia batiri." Kwa hasira Patroni akakata waya ya kengele, na akiwa kule kule akakata na ile ya mukanda inayolia ukikaa bila kujifunga. Akasema gari yake imepona kikohozi.

Ninaogopa mimi kwako nimekuwa kengele ile. Nimelia juu ya kila kitu: juu ya kisima, juu ya muti wa embe, juu ya pikipiki ya rafiki yako, juu ya wasichana. Mengi yalikuwa mbuzi, ninakubali. Leo siyo mbuzi.

Kuna mengine nimeyasikia kwa mashofere waliokaa hapa kwenye kivuli wakingoja usi zao, na ninayaandika kama yanavyonijia, juu nikianza kuyapanga nitaogopa zaidi.

Kwenye njia ya Salamabila watakuambia ufunge milango yote, na vioo juu, kwa sababu ya watu wa porini wanaotafuta dhahabu katika mifuko ya wenzao. Wana haki, ufunge. Lakini ukifika kwenye muto, kwenye bake, ile pantoni ya kuvushia gari, ufungue. Hapo ndipo watu wanapokosea, wanafunga kwa mwivi na wanasahau kufungua kwa maji. Shabani aliniambia kuna gari iliyoteleza kutoka juu ya bake milango ikiwa imejifunga yenyewe kwa umeme, na umeme ukiingia majini haumusikii tena mutu. Watu walitoka kwa sababu kioo kimoja tu kilikuwa chini, cha muzee mumoja aliyependa kutema mate. Kwenye bake watu wote washuke, hata mwenye cheo, hata anayesema anaumwa miguu. Wewe ukibaki peke yako kuiingiza gari, vioo chini, mukanda ufunguliwe hapo, hapo tu. Ukishasimama, fren ya mukono juu, ile ya kuizuia gari isitembee, na kipande cha muti chini ya gurudumu, ukiweke wewe mwenyewe, usimuambie mutu akuwekee ukamuamini. Hiyo fren ya mukono ya jeep ile inapanda lakini sijui kama inashika. Umuulize Patroni mbele ya watu, ataona haya ya kuiacha hivyo.

Kwenye milango ya nyuma, ukifungua, ubavuni, kuna kidomo kidogo. Kikishushwa, mulango haufunguki kutoka ndani. Ni cha watoto. Ni kizuri ukibeba watoto, ni kibaya ukibeba watu wazima wasiojua. Mama mumoja wa Nyangwe aliyekuwa anapeleka samaki alijaribu kushuka kwenye soko, mulango ukakataa, akaamini shofere anamuiba, akamupiga kichwani na samaki mukavu mpaka askari wakaja. Tulicheka mpaka tukalia. Lakini nilifikiri pia, kama ingekuwa moto? Basi kila asubuhi uviangalie vidomo hivyo, na uwaambie watu unaowabeba ni namna gani mulango unafunguka. Wasikuone unajigamba. Uwaambie kama unavyowaambia wapi choo kiko.

Mizigo mizito iwe chini na ifungwe, hata kichupa cha kahawa kisikae kwenye kile kitambaa cha maua mbele. Kitambaa hicho pia ni changu, na nimekiondoa. Nimesikia katika gari mupya kama hii kunatoka mufuko wa hewa pale mbele, unaruka kukuokoa usoni. Sijui kama wa gari hii bado uko au uliuzwa kabla haijafika kwetu. Lakini kama uko, ungekikuta kitambaa changu kimekaa juu yake kama mukeka, na vile vichupa juu ya kitambaa, na vyote vingekuja usoni kwako. Nilikuwa ninazibia watu kila pahali.

Nimeandika "nimekiondoa", na bado sijakuambia lingine.

Leo alasiri ulipokwenda kuaga rafiki zako, ufunguo uliuacha juu ya meza. Nilichukua makasi, kile kisu cha kufumulia, na uzi. Bibi yako aliniona, akasema, "Zaina, gari ya watu hiyo." Nikamuambia, "Na mutoto ni wa nani?" Akaendelea kuchambua muchele.

Nilianza na kiti chako. Ule mushono wangu wa kurudia mara mbili ulinipa taabu, hautaki kufumuka, ndiyo sifa yake. Chini yake nilikuta chuma, kizuri, kidude chake bado chekundu kabisa. Kwenye kiti cha katikati nilikuta sarafu, mabaki ya biskuti, na kiatu kimoja cha mutoto muchanga. Sijui ni wa nani, nimekiosha, kiko dirishani, mwenyewe akiuliza. Nilifumua viti vyote mpaka vya nyuma. Nilisafisha vyuma kwa brosi ya meno. Vyote vinakamata isipokuwa kile cha katikati nyuma, kinashika kisha kinaachilia. Pale usimukalishe mutu, uweke mufuko wa muchele, ufunge na kamba.

Kisha nilikaa mahali pako. Mara ya kwanza katika maisha yangu, nyuma ya volani. Nilivuta mukanda kwa haraka, ukakataa. Nikavuta tena kwa hasira, ukakataa tena. Nikasema, basi, umekufa, nimefanya kazi ya bure. Machozi yakaanza. Nilipouachilia nikauvuta polepole tu, kama unavyovuta uzi kwenye sindano, ukaja wote. Kumbe ni kazi yake kukataa haraka. Niliuingiza, nikajirusha mbele kwa makusudi, na ukanishika. Hapa begani na hapa nyongani. Yuma, sijui kukueleza. Nilikaa pale kidogo kabla ya kuufungua mukanda.

Upite juu ya bega, usipite chini ya kwapa kama mufuko. Kwa wamama wenye mimba, ukanda wa chini upite chini ya tumbo, siyo juu yake. Wewe utakapokuwa unaona haya kuwaambia wamama jambo la tumbo, umuombe mama mwingine aseme.

Matundu nimeyapinda kwa uzi mwekundu wa rangi ile ile, mushono wa karibu karibu. Kwa mbali hayaonekani. Kwa karibu yanaonekana, na Patroni atakuja karibu, unamujua, anapapasa viti vyake kama anapapasa farasi. Ataniita. Nitatoka, nitamuambia ni mimi, usi zake nitamushonea nyingine bure akitaka, zenye matundu. Akikasirika na wewe, hiyo siwezi kuizuia. Anaweza kukunyang'anya ufunguo mbele ya abiria wote na mupakiaji mwenye kofia akapata wimbo wa mwaka muzima. Nimelifikiri hilo. Ninajua namna ulivyoitafuta kazi hii, ninajua na shangazi yako amekwisha kukutengenezea chumba. Kama nimekuharibia, utarudi hapa ndani, utakaa, utanichukia, na utakuwa muzima wa kunichukia. Nimeyapima hayo mawili nikachagua, na sikukuuliza, kwa sababu ulikwisha kunijibu.

Lakini siwezi kukaa kwenye kiti kile kwa ajili yako. Ukishapita ile bariere ya kutokea muji, ni wewe na watu wako. Utaweza kujifunga hapa mbele yangu na kujifungua kwenye kona. Patroni anaweza kukuita pembeni akuambie kwa sauti nzuri, kijana, kazi ni yako, lakini haya madirisha ya mama yako uyazibe ukifika, watu wanacheka. Na hakuna kitu kitakachotokea siku ile, wala kesho yake. Njia itakuwa nzuri. Utasema, unaona, mama.

Kwa hiyo nimekuwekea katika lile sanduku dogo la mbele, pamoja na karatasi za gari, sindano nene na kibiringo cha uzi mwekundu. Wewe unajua kushona, nilikufundisha mwenyewe. Wakikuambia uzibe, na wewe ukaona ni sawa kuziba, usitafute fundi. Ukae chini na uzibe kwa mukono wako, kiti kwa kiti, na cha kwako ukizibe cha mwisho.

Mama yako,
Zaina